Mkia wa Kamba

Sauti ya kamba kuburuzika kwenye mawe ilikatika ghafla, na wa kwanza kugundua alikuwa mke wa Kamanda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiuburuza huo mkia.

Njia ile ya kisiwani inazunguka jabali juu ya bahari, na watoto huipita wakitafuna karanga. Lakini Kamanda, muuza viatu aliyejipachika cheo mwenyewe, aliwahi kutazama video za wapanda milima, basi akanunua kamba na kuwafunga wenzake viunoni: yeye mbele, rafiki yao kinyozi katikati, mkewe mshonaji nyuma. Kipande kirefu kikabaki. Akikate? Thubutu! Kamba mpya! Akamwacha mwanamke wa watu atembee na mkia kama mbuzi aliyetoroka.

Walianza na jua kali. Walipofika juu upepo ukageuka, ukungu ukapanda kutoka baharini, na manyunyu yakaanza.

"Mume wangu," mshonaji alisema chinichini, "kuna mtu ameshika kamba nyuma yangu."

"Nyuma yako hakuna mtu. Wewe ndiye wa mwisho."

"Basi ukate huu mkia. Kisu unacho wewe."

"Woga tu! Twende."

Kinyozi alinusanusa. "Kamanda, nani anachoma nywele huku?"

"Na wewe umeanza? Kumbe leo nimetoka na wanawake wawili!"

Wakaendelea, na ile harufu ya nywele zinazoungua ikazidi hata mvua ikashindwa kuizima, na nyuma ya mwanamke zikasikika hatua za miguu mitupu, chap, chap, zikisimama aliposimama na kwenda alipokwenda, kisha kitu kikaanza kuivuta kamba mkono kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeteka maji kisimani, kikimrudisha kinyumenyume kuelekea ukingoni huku kinyozi akijibana kwenye mawe kumzuia, mpaka mvuto ukamfikia Kamanda mwenyewe kiunoni.

"Nishike, mume wangu!" Sauti ilimtoka kidogo sana.

Hapo ndipo shujaa wetu alipokumbuka kisu. Akakata kamba karibu na tumbo lake mwenyewe, akabakiwa na kipande cha shibiri kikining'inia, akatimua mbio bila kugeuka. Mwanamume mzima, jamani!

Mshonaji amefungua mafundo ya nyuzi maisha yake yote. Alilifungua lake kwa kucha, akamfungua kinyozi, wakaiachia kamba. Ikapotelea ukunguni bila kugusa chini.

Walimkuta Kamanda kwenye kibanda cha kusubiria boti. Wakaingia, wakafunga mlango.

"Nilikimbilia msaada," akaanza. "Si mnanijua mimi?"

"Tunakujua," mkewe akamkatiza.

Harufu ile ilikuwa imeingia, na kinyozi alikuwa akitazama kiuno cha Kamanda. Kile kipande cha shibiri kilikuwa kimerefuka, kimetambaa sakafuni, kimepita chini ya mlango na kutokea nje. Kikakazika.

Kamanda akashikilia benchi kwa mikono miwili. "Mke wangu," akanong'ona, "nisaidie. Fundo hili unaliweza."

Mshonaji alilitazama fundo, akavitazama vidole vyake vilivyochubuka. Kisha akahamia benchi la pili, akakaa.

"Shemeji," akamwambia kinyozi, "fungua mlango, asije akaumia kichwa akitoka."