Karakana ya Shemeji

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta. Shemeji yake naye ni fundi, na alikuwa akiziongezea kompyuta kuukuu memori, yaani kumbukumbu, kupita kiwango chake, hata wateja wote wakamhamia. Rafiki yangu akaingiwa na wivu.

Mchana mmoja akaenda kwa dada yake. "Nimefuata bisibisi yangu."

"Ingia tu karakana, kaka. Mume wangu katoka."

Karakana haikuwa na dirisha. Gizani kompyuta moja ilikuwa ikihesabu memori yake kwenye skrini, tik, tik, tik. Akaifungua aibe siri ya shemeji, akapapasa mahali pa kuchomeka memori. Palikuwa patupu, tena pana joto. Hesabu ikaruka juu ghafla.

Alipotoka, dada alimwita kwa jina mara tatu. Ndipo akageuka, akauliza kwa upole:

"Samahani, mama, unamwita nani?"