Vifaranga Mlangoni

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Brashi alifagia darasa la sita kisha akaenda kuangalia milango ya vyoo vipya vya shule. Wenzake walimpachika jina hilo kwa wepesi wa mkono wake katika kuchora. Mwalimu wa sanaa alikuwa amemkabidhi rangi, akamtaka aachane na ile michoro ya kawaida ya sketi na suruali, abuni alama ambayo hata wasiojua kusoma wangeielewa. Brashi alichora jogoo kwenye mlango wa wavulana na tetea anayeatamia kwenye wa wasichana.

Rangi ikabaki. Mlango wa tatu ulikuwa na alama ya X tu, aliyoichora fundi wa ujenzi kwa chaki kukataza watu kuingia. Ndani, shimo lilikuwa bado wazi, na Brashi alijua. Lakini jogoo na tetea bila watoto aliwaona wapweke. Akaifuta X, akachora vifaranga watatu.

Siku hiyo, baada ya mapumziko, mwalimu wa darasa la kwanza alipita akiulizia mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni asirudi. Brashi alijiuliza: mtoto mdogo angeingia mlango gani, kama si wa vifaranga? Akinyamaza, nani angejua? Alisimama.

"Mwalimu, tazama mlango wa tatu. Mimi ndiye niliyefuta alama ya fundi."

Walikimbia wakimwita fundi. Brashi alijibanza ukutani, asithubutu kuchungulia. Fundi alilala kifudifudi, akanyoosha mkono, akamvuta mtoto aliyekuwa ameng'ang'ania ubao wa ukingo wa shimo, kiatu kimoja kimeshatumbukia. Mtoto hakulia mpaka alipokumbatiwa.

"Mimi bado kifaranga," alisema kwa kwikwi. "Nikaingia kwetu."

Brashi aliangua kilio. Fundi alikiri kwamba naye alikosea kuacha mlango bila kufuli.

Jioni Brashi aliwafuta vifaranga, akachora X kubwa nyekundu. Mwalimu wa sanaa alikaa naye hadi alipomaliza.

"Umekosa, mwanangu," alimwambia. "Lakini ungenyamaza kulinda jina lako, tungekuwa bado tunamtafuta uwanjani. Alama si pambo. Mtu huiamini, akaingia. Siku nyingine, kabla ya kupaka rangi, nenda darasa la kwanza ukawaulize wanaona nini."