Hapa Pana Mtu

Betri ya gari lile kuukuu ilikuwa na matundu matatu ya kutilia maji, na tundu la katikati lilikuwa na kiu isiyokatika. Chaji alikuwa analijaza asubuhi, jioni akifungua kizibo anakuta kavu. Maji ya matundu mawili ya pembeni yalikuwa palepale alipoyaacha, hata tone halijapungua. Betri inayochajiwa kupita kiasi hukauka matundu yote, kila fundi analijua hilo, na Chaji alikuwa fundi wa betri tangu hajaota ndevu.

"Hivi nani anakunywa maji ya betri humu ndani?" aliuliza.

"Mimi nakunywa chai," mkewe alijibu kutoka kwenye cherehani. "Muulize huyo mgeni wako uliyemleta."

Mgeni mwenyewe ndilo hilo gari. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viti kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, alilichukia tangu lilipoingizwa gereji likivutwa kwa kamba. Gereji ilikuwa yao wote wawili. Upande huu meza ya betri na mashine ya kuchajia, upande ule cherehani na marundo ya sponji, na nyuma yake vyumba walimolea watoto ambao sasa walikuwa na nyumba zao. Ukutani palikuwa na kiti kirefu cha watu wawili, alichokitengeneza Mama Viti mwenyewe kutokana na kiti cha gari bovu. Kila jioni, kazi ikiisha, mke na mume walikaa hapo bega kwa bega, wakinywa chai na kuwasengenya wateja. Tangu gari lije, Mama Viti alikaa hapo peke yake. Jioni za Chaji zilikuwa za gari.

Alipewa gari hilo na mjane wa mtaa wa pili, aliyetaka tu liondoke uani kwake. Lilikuwa la zamani kweli, la wakati ambao betri ilifichwa chini ya kiti cha nyuma. Ukitaka kuifikia unanyanyua kikalio cha kiti, unakiegemeza, unaondoa kifuniko cha mpira, ndipo unaiona. Kifuniko hicho si pambo. Springi za kiti ziko juu ya betri, na mtu akijibwaga pale bila mpira, springi zinagusa ncha ya betri na gari linawaka moto. Mama Viti aliukata mpira mpya kwa mkono wake, mnene, ingawa roho ilikuwa inamuuma kulihudumia gari lenyewe.

Chaji akasafisha ncha kwa maji ya moto na magadi, akazipaka grisi, akafunga waya wa chanya, na mwisho waya wa hasi. Gari likaitika papo hapo.

"Panda, mama, tukatembee!"

Mama Viti alipanda mbele, kando ya mumewe, mahali pake. Gari likazimika. Taa kimya, honi kimya, stata haina hata mkwaruzo. Aliposhuka kulisukuma, likawaka lenyewe. Akapanda, likafa.

"Labda umenenepa," Chaji alisema.

"Nenepa wewe na hilo kopo lako."

Chaji akatazama usukani, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, "Hebu jaribu kukaa nyuma."

Akakaa nyuma, na gari likaenda bila kukohoa. Hivyo ndivyo Mama Viti alivyopitishwa mtaani kwao, mke wa ndoa, amewekwa nyuma kama mzigo wa sokoni, na kando ya mumewe pakiwa wazi. Wauza mboga walimpungia mkono wakicheka. Alirudi nyumbani akakataa chakula.

Baada ya hapo alianza kuona mambo. Sponji ya kiti cha mbele aliiweka mpya, ngumu, ya kudumu. Asubuhi yake ilikuwa imedidimia katikati, kishimo kidogo cha makalio membamba, na kilikuwa na joto. Akainama kunusa. Palinuka marashi mazito, matamu, na chini ya utamu huo ule ukali wa tindikali unaokwaruza pua. Kwenye mshono alioushona jana yake alikuta unywele mrefu kuliko mkono wake.

Alimfuata Chaji na unywele huo ukiwa umezungushwa kidoleni.

"Huyu ni nani, baba watoto?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Miaka yote nashona viti. Kiti kinaniambia nani kakalia, kakaa vipi, kakaa muda gani. Huyu mwanamke anakaa na wewe kila siku. Kageuka upande wako, magoti yake yanaelekea kwako!"

"Haki ya Mungu, mama, sijampakia mtu."

Na kilichomuuma zaidi Mama Viti ni kwamba alimwamini. Mume wake hakuwahi kujua kudanganya, akijaribu tu masikio yalimcheza, yakamwumbua. Basi kama hakumpakia mtu, huyo aliyekaa alipandia wapi?

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, umeme ukakatika, Chaji akaenda kununua maji ya betri. Betri ya gari alikuwa ameitoa, ipo mezani, waya zake zimelala sakafuni. Mama Viti alifunga mlango mkubwa kuzuia mvua na gereji ikawa na giza la mchana. Alikuwa ndiyo kwanza amepapasa akaupata mkasi wake aliposikia tik, tik, tik, ile sauti ya taa ya kuonyesha unakata kona. Akageuka kuitazama betri. Ilikuwa mezani. Akageuka kulitazama gari, na taa ndogo ya darini ilikuwa inawaka humo ndani, njano, hafifu, wakati waya hazikushikana na kitu chochote, na chini ya mwanga huo, kwenye kiti cha mbele cha abiria, kulikuwa na kisogo cha mwanamke, na nywele zilizomwagika nyuma ya kiti hadi chini, zikitiririka kama zimelowa, na mkono mwembamba ulikuwa unapapasa kiti cha dereva kilichokuwa kitupu, taratibu, unapanda na kushuka, kama mke anavyopapasa upande wa kitanda cha mume aliyechelewa kurudi.

Mtu mwingine angekimbia. Mama Viti aliogopa, lakini wivu una miguu yake wenyewe, ukamvuta mpaka kwenye mlango wa gari. Akashika kitasa.

Sauti ikatoka ndani, ya upole, ya adabu, kama ya abiria yeyote anayeulizwa.

"Hapa pana mtu."

Taa ikazimika.

Chaji alimkuta nje, mvuani, ameshika mkasi kwa mikono miwili. Alipomweleza, mumewe hakucheka wala hakubisha. Aliinamisha kichwa, na masikio yakamwumbua.

"Ulikuwa unajua," alisema Mama Viti.

"Sikujua. Ila yule mjane... siku ananipa gari aliniambia, mwambie mkeo awe anakaa nyuma. Nikadhani ni maneno ya uzee."

"Na hukuniambia."

"Nilisahau, mama."

Mama Viti akatangulia njia. Walikwenda kwa mjane na nguo zao zilizolowa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nilikuwa nawangoja." Mjane aliwakaribisha ndani, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama migongo ya watu. "Umemwona?"

"Nimeona nywele zake."

"Shukuru hukuona uso. Huyo ni jini, na marehemu mume wangu alilinunua gari akiwa tayari yumo ndani. Amelipenda gari, na anampenda anayeliendesha. Mimi nimekaa nyuma ndoa yangu yote. Watu waliniona malkia naendeshwa. Ukikaa nyuma hakugusi, mwanangu, ndiyo dawa pekee niliyoijua."

"Na hakuwahi kukufuata huko nyuma?"

"Mara moja. Marehemu aligeuza kile kioo cha kutazamia nyuma ili anione, akanisifu, akasema nimependeza. Weee! Kiti cha mbele kilipanda chenyewe, nikasikia kingine kinadidimia ubavuni kwangu, pumzi ikanikatika. Anachopewa mke ndicho anachokitaka. Wivu wake ni mbaya kuliko wetu."

Mama Viti alikuwa ameshasimama.

"Kaa, mwanangu, sijamaliza. Kuna jambo hamlijui kuhusu..."

"Asante, bibi. Nililotaka nimelipata."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie mwenye wivu? Njiani alimpangia mumewe kila kitu kwa kunong'ona, midomo ikiwa sikioni kwake, na Chaji akaitikia kwa kichwa, ingawa machozi ya gari lake yalikuwa yanamlengalenga.

Kesho yake mchana walilipeleka kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji. Kabla ya kuondoka, Mama Viti alinyanyua kikalio cha nyuma, akautoa ule mpira alioukata mwenyewe, akauficha chini ya sponji zake. Akarudisha kikalio polepole. Kisha akatia mkasi wake mfukoni, akakaa nyuma ya dereva, amejibana mlangoni, upande usio na betri. Upande wa betri aliuacha wazi.

Chaji akageuza kioo mpaka macho yao yakakutana.

"Sema," alinong'ona Mama Viti.

"Nitasema nini, mama? Mimi sijui maneno."

"Sema lolote zuri. Sema kama unanipenda."

Chaji akameza mate. "Siku ya kwanza kukuona, ulikuwa umeuma nyuzi mdomoni, hukuweza hata kuniitikia salamu. Nikajiambia, huyu akinikubali, sitataka kingine duniani. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Kila jioni nakaa na wewe pale ukutani, nasema chai ni tamu. Si chai, mama."

Hakuwahi kumwambia hivyo hata siku moja. Mama Viti alisahau jini, akasahau betri, akasahau kwamba huu ulikuwa mtego, moyo ukamfurika, na wakati huohuo kiti cha mbele kikashusha pumzi ndefu na sponji yake ikainuka, yale marashi yakaja nyuma na kujaa puani mpaka macho yakamwaka, na kando yake kikalio kikaanza kudidimia, kidogo, kidogo zaidi, springi zikilia moja baada ya nyingine, baridi ikimpanda pajani, nywele zenye maji zikimgusa shavu, na ile sauti ya adabu ikauliza sikioni kwake, "Na mimi? Na mimi haniambii?" ndipo springi ikagusa ncha ya betri.

Cheche ziliruka buluu. Makumbi ya nazi yaliyojazwa ndani ya kiti hicho cha zamani yakashika moto. Mama Viti akasukuma mlango, ukafunguka, akajitupa nje, akarudishwa ndani. Upindo wa gauni lake ulikuwa umekaliwa. Alivuta, ukamvuta.

"Kata!" Chaji alipiga kelele, ameshatoka nje na kumshika kwapani. "Mkasi, mama, kata!"

Akakata gauni. Wakaanguka majanini wote wawili, na gari likawaka lote, honi ikilia bila kukoma mpaka betri ikapasuka. Mama Viti alicheka huku akilia. Alimkumbatia mumewe aliyenuka moshi, naye akamwegemea.

Siku kadhaa zilipita kwa raha. Chaji alirudi kwenye kiti kirefu ukutani, chai ikarudi, wateja wakasengenywa. Kisha mjane akapita gereji, akalitazama bati jeusi lililobaki uwanjani, akaweka mkono kifuani.

"Mmefanya nini?"

"Tumemchoma, bibi," alisema Mama Viti kwa fahari.

"Mmemchoma moto? Kiumbe aliyeumbwa kwa moto?" Mjane aliongea polepole, akatazama huku na huku ndani ya gereji. "Ndilo nililotaka kukwambia, ukakimbia. Gari lile lilikuwa nyumba yake, na lilimtosha. Mlichochoma ni nyumba. Sasa atakaa wapi, mwanangu?"

Akaondoka bila kuaga.

Mama Viti alirudi kwenye cherehani, akajilazimisha kumaliza mshono. Vizee vina maneno, alijiambia. Jioni ikaingia. Alisikia Chaji ameketi ukutani, na sauti yake ilikuwa laini.

"Kila jioni nakaa na wewe hapa," alikuwa anasema, "nasema chai ni tamu. Si chai."

Mama Viti akatabasamu. Alikuwa anatamani kuyasikia tena maneno hayo, ila aliona haya kuyaomba. Akazima taa ya cherehani, akachukua vikombe viwili alivyokuwa amevijaza punde. Kimoja kilikuwa kikavu, hata unyevu hakina. Akageuka.

Chaji hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameelekea pembeni yake, mahali pa Mama Viti, ambapo sponji ilikuwa imedidimia katikati.

"Baba watoto," alisema kwa sauti iliyokauka, "nipishe nikae."

Mumewe aliinua uso taratibu. Aliweka kiganja kwenye kile kishimo kwa upendo, akamjibu kwa upole, kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni.

"Hapa pana mtu."