Jenereta Kwenye Korido

Mimi ni mfasiri. Sina bosi wala ofisi. Nafanyia kazi nyumbani, mezani kwangu, ndala miguuni. Shida yangu ilikuwa umeme. Ukikatika, na kazi inakatika.

Mume wangu akanunua jenereta. Aliifurahia kuliko mimi. Akaipa jina la Ngurumo.

Siku ya kwanza tuliiweka nje, chini ya dirisha la jirani. Jirani alitusalimia vizuri, kisha akafunga dirisha taratibu. Tuliona haya.

"Tuiingize ndani," mume wangu akasema. "Kelele ziwe zetu wenyewe."

Tukaiweka kwenye korido, karibu na mlango wa nyuma. Mlango tuliuacha wazi nusu. Tukajiona watu wastaarabu sana.

Chumba cha pale koridoni ni cha mama mkwe wangu. Mama alikuwa amehamia kwetu karibuni, na tayari alikuwa msaidizi wangu. Nikimaliza sura, namsomea. Neno likimkwaruza sikio, ananikatiza: "Hilo nani analisema? Rudia." Kazi yangu ilikuwa imeanza kusifiwa kwa sababu yake.

Baada ya wiki mbili, Mama akaanza kuumwa kichwa. Alipata kichefuchefu na alisinzia mchana kutwa. Tukambadilishia miwani. Tukambadilishia mto. Akikaa uani anapata nafuu, akirudi chumbani kichwa kinamgonga tena.

Alhamisi nilimkuta anakunja nguo zake na kuzitia begini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa binti yangu, Jumamosi. Hamjanikosea, mwanangu. Nyumba hii hainitaki tu. Nikitoka napona, nikiingia naugua."

Nilikwenda jikoni nikalia. Niliogopa watu watasema nimemfukuza. Lakini zaidi ya hilo, nilikuwa nimeshampenda.

Ijumaa umeme ulikatika, na Ngurumo ikagoma kuwaka. Mume wangu akamwita fundi wa mtaani, dada mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi. Alifungua kifuniko, akatazama ukuta uliojaa masizi.

"Mnaiwashia wapi?"

"Hapa hapa," mume wangu akajibu. "Mlango tunauacha wazi."

Fundi akaweka spana chini. "Chumba hiki analala nani?"

"Mama yangu."

"Anaumwa kichwa?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Kaka, hii siitengenezi," fundi akasema. "Moshi wake una hewa ya sumu. Huioni, na haina harufu. Inaleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi. Ikizidi, mtu haamki. Mlango wazi hautoshi. Jenereta inakaa nje, mbali na milango na madirisha, yenu na ya jirani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake, anasikiliza. "Kwa hiyo si nyumba inayonikataa?"

"Daktari atasema zaidi, mama. Mpelekeni leo, na mumweleze habari ya moshi. Lakini mimi nalishtaki hili lidude."

Mama akaketi kitini. Akacheka huku machozi yanamtoka.

Daktari alimpima, akamtibu, akatuambia tumewahi. Nimefasiri maneno mengi maishani, lakini sijapata kulipenda neno kama hilo.

Kesho yake fundi alirudi, kwa ombi letu, kuangalia umeme ninaohitaji mezani kwangu. Nikamwonyesha vifaa vyangu: laptopu, kifaa cha intaneti na taa.

"Ni hivi tu?" Akacheka. "Dada, ulikuwa unawasha tanuri kuchoma karanga moja. Hivi vinatumia umeme kidogo. Paneli ndogo ya sola na betri moja vinakutosha, bila moshi wala kelele."

"Na jua likijificha?"

"Betri inatunza akiba. Chaji laptopu mapema, na usichotumia kizime. Meza isogeze dirishani. Taa ya mchana ya nini?" Akatazama rundo la karatasi. "Na hizi?"

"Ninachapisha ili nimsomee Mama."

"Mama anasoma au anasikiliza?"

Tangu hapo namsomea kwenye skrini.

"Betri ikichoka, usiitupe jalalani wala usiichome," akaongeza. "Niletee mimi, najua zinakopokelewa."

Mume wangu aliiuza Ngurumo kwa fundi seremala mwenye uwanja mpana. Alimweleza yote kuhusu moshi, mara mbili. Kwa fedha hizo tukanunua paneli na betri.

Sasa umeme ukikatika, tunajua kwa sababu redio ya jirani imenyamaza. Dirisha lake liko wazi siku zote. Na Mama, kichwa hakijamuuma tena.

Jana umeme haukuwepo kutwa. Nilikuwa namsomea sura ya mwisho ya kitabu.

"Hilo nani analisema?" akanikatiza. "Rudia."

Nikarudia kwa furaha. Mume wangu alipoingia, Mama akamwonyesha lile begi, tupu, pembeni mwa kitanda.

"Liweke juu ya kabati," akamwambia. "Juu kabisa, nisipofika."