Kitenge Kilichokamuliwa

Mwaka 1992, Mwajabu na mumewe Abdulrahmani walikuwa na duka Kasulu mjini. Mke aliuza sukari na sabuni. Mume alinunua maharage ya wakulima, akayapima kwenye mizani kubwa. Walipendana na walitaniana kutwa.

Mwezi ule binti yao Zuhra alikuwa anaolewa. Mwajabu alitaka kucheza katika harusi ya mwanawe wa pekee. Lakini gauni lake jipya lilimbana.

"Nitakonda," alisema. "Shoga yangu Shamsia ameniambia nisile, ninywe haluli, ile dawa ya kuharisha, tumbo lisafike."

"Mimi sijalalamika," Abdulrahmani alicheka. "Aliyelalamika ni gauni."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani anakumbuka hayo harusi ikiwa mlangoni? Mwajabu alikunywa haluli, akaharisha siku nzima, na kesho yake tena. Kisha akapanda tena kwenye mizani ya maharage, aliyojipimia kabla ya kuanza. Kilo tatu zimepungua. Alifurahi sana. Alipotaka kushuka, kizunguzungu kilimshika, akaanguka juu ya magunia.

Abdulrahmani aliogopa kweli. Alimkimbilia jirani yao Winifrida, muuguzi, akamweleza habari ya haluli. Winifrida alimnywesha Mwajabu maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, mpaka akapata nguvu.

"Mama Zuhra, haluli hii ya nini?"

"Ya kukonda. Na nimekonda. Mizani haisemi uongo."

Winifrida hakubisha. Alitoa kitenge kilicholowa kwenye beseni, akakipima kwenye mizani ya sukari. Akakikamua, akakipima tena.

"Kimepungua?"

"Kimepungua."

"Kitenge chenyewe kimekuwa kidogo?"

Mwajabu alikitazama. "Ni kile kile."

"Basi na wewe ni hivyo. Haluli imetoa maji na chumvi, mafuta yamebaki. Ukinywa maji, uzito unarudi. Ukizidisha haluli, unaumiza figo na moyo."

"Sasa nitavaa nini?"

"Gauni mpelekee fundi alipanue. Mwili upunguze polepole. Kula mboga na maharage, punguza mawese na sukari, shambani nenda kwa miguu. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Mtu akikuletea dawa ya kukonda upesi, muulize inatoa nini mwilini. Akikosa jibu, usinywe."

Fundi alipanua gauni. Siku ya harusi Mwajabu alicheza mpaka Shamsia akaomba kiti.

Aliendelea kufuata maneno ya Winifrida. Miezi ikapita, akalivaa tena gauni lile. Lilimpwaya kiunoni.

"Mpelekee fundi," alisema Abdulrahmani. "Gauni limelalamika tena."