Posa Mbele ya Marehemu

Saa saba mchana mkahawa ule wa mtaa wa Gisimenti hujaa mpaka mlangoni, na sheria yake ni moja: unapita kwenye masufuria mara moja tu, hakuna kurudi kuongeza. Gwiza alikuwa kwenye foleni, suruali nyeupe imepigwa pasi ikakubali, na mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Alikuwa anajenga. Alipanga ndizi za kupika kandokando ya sahani kama matofali, akazishindilia wali, kisha akamimina maharage katikati, na halikuvuja hata tone.

"Kaka, hiyo ni chakula ama ni ghorofa?" Gwiza alishindwa kuvumilia.

"Bado ni msingi, dada. Nyama ndiyo ghorofa ya kwanza." Akaitazama sahani ya Gwiza. "Na weye, mbona umepakua kama mfiwa?"

"Kazi yangu ni wafiwa."

"Unauza majeneza?"

"Oya, siuzi! Kaa hapo nikueleze, maana chakula chako kitachukua saa nzima."

Akamweleza, na hakuona haya kujisifu. Ghorofani, juu kidogo ya mkahawa ule, ndiyo kulikuwa na Nyumba ya Pili, kazi ya kichwa chake na mikono yake. Mfiwa anavaa miwani mizito, anaingia katika ulimwengu uliotengenezwa, na huko anamkuta mtu wake: sauti yake, mwendo wake, hata namna alivyokuwa akikuna shingo. Gwiza alimjenga marehemu kwa picha na sauti alizoacha. Kisha, kila unapomtembelea, marehemu yule anajifunza kutoka kwako na mazungumzo yanakolea. Watu walifunga safari kutoka Kampala kuja kuiona kazi ya binti wa fundi magari wa Gatsata.

Fundi mwenyewe, Mzee Gatera, alikuwa ametutoka miaka miwili nyuma. Gwiza alikuwa ameijenga gereji yake yote huko ndani, pamoja na madoa ya oili sakafuni, na kila Jumamosi saa nne asubuhi alivaa miwani, akaketi juu ya tairi kuukuu na kuzungumza na baba. Siku ile hakumweleza mwanamume wa sahani habari hizo. Alimweleza baadaye, walipokwisha kuzoeana.

Jina lake lilikuwa Silvère Ndihokubwayo, msimamizi wa mafundi wanaojenga nyumba Kinyinya. Yeye alikulia Bujumbura, Gwiza Mwanza kabla baba yake hajahamia Gatsata, kwa hiyo mapenzi yao yalizungumza Kiswahili. Na yalizungumza sana.

"Sheri, mpenzi wangu, umekula?" Silvère alikuwa akipiga simu kila mchana.

"Nimekula. Na wewe?"

"Leo nimemaliza ghorofa tatu."

"Za nyumba ama za wali?"

"Gwiza, siku moja nitakuoa ndipo utaniheshimu."

"Jaribu uone!"

Miezi tisa ilipita hivyo, kwa vicheko. Kisha, Jumatano moja, simu ya mchana haikulia. Jioni ukaja ujumbe mfupi: *Nisamehe, Gwiza. Nimeshindwa.* Alipopiga, haikupokelewa. Akapiga tena mara moja tu, halafu akaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Gwiza hakuwa mwanamke wa kumkimbilia mtu aliyemkimbia. Alivaa vizuri kuliko siku zote, akapaka rangi ya mdomo nyekundu, akafanya kazi kama kichaa, na hakuna aliyemwona akilia. Lakini alilia.

Siku ya kumi na tatu, Belyse, msichana wa mapokezi, aliingia ofisini macho yamemvimba.

"Dada Gwiza, unifukuze kazi tu. Ni mimi nilimfungulia."

"Ulimfungulia nani?"

"Silvère. Alikuja amevaa suti na tai, viatu vinang'aa, amebeba kreti ya bia. Alisema iko anaenda kushika irembo kwa mzee."

Gwiza aliketi. Kushika irembo! Ndiyo hodi ya kwanza ya mchumba, kabla ya posa yenyewe: unafika kwa baba wa msichana, unainamisha kichwa, unasema umeona lango zuri na ungependa kupita. Mwanamume yule, kwa adabu zake zote, alikuwa amekwenda kupiga hodi kwa marehemu. Gwiza hakujua acheke au avunje kitu.

Kila ziara huacha kumbukumbu. Alivaa miwani, akaitazama ile ya Jumatano.

Silvère alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, mikono mbele, jasho likimtoka ndani ya suti. "Mzee, amahoro. Nimekuja kwa heshima. Nampenda Gwiza, naomba nilete wazee wangu."

Gatera alikohoa, akainua kichwa kutoka kwenye injini. "Gwiza hatoki hapa. Akiolewa, mimi nitabaki na nani? Jumamosi saa nne nani atakuja?"

"Mzee, tutakuja wote wawili."

"Nimesema hatoki."

Silvère aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mzee," alisema, akatoka kinyumenyume, kama mtu anavyomuaga mkubwa.

Gwiza aliirudia mara tatu. Sauti ilikuwa ya baba na kikohozi kilikuwa chake pia, lakini maneno yale hayakuwa ya Gatera hata kidogo. Gatera wa kweli, siku bintiye alipokwenda kusoma Dar es Salaam na kukataa kuliachia dirisha la basi kwa kilio, alilipiga bodi kwa kiganja akapaza sauti: "Dereva, ondoa gari! Huyu atanyamaza mbele ya safari." Mwanamume yule hakuwahi kumng'ang'ania mtu maishani mwake.

Basi maneno yalikuwa ya nani? Alijua. Kila Jumamosi, kwa miaka miwili, alikuwa ameketi juu ya lile tairi akisema: baba, nikiondoka utabaki na nani? Na marehemu akajifunza. Gwiza alivua miwani na kukaa, uso unamwaka kwa aibu. Kisha akasimama, akapangusa machozi, akaita pikipiki.

Huko Kinyinya alipanda ngazi zisizo na ukuta, gauni lake la kitenge cha njano amelishika kwa mkono mmoja. Mafundi waliacha miko yao wakamkodolea macho.

"Mama, vaa kofia kwanza, hapa iko hatari," mmoja alimwambia, akampa ya kwake.

Gwiza aliivaa. "Silvère! Siku kumi na tatu! Simu yako iliungua?"

Silvère aligeuka, pimamaji mkononi. Alikuwa amekonda. "Mzee wako alinikataa, Gwiza. Kwetu baba akisema hapana, hautembezi mtoto wake njiani kama mwizi."

"Na mimi? Hukuona vema kuniuliza?"

"Nilitaka nikuletee jibu likiwa tayari."

"Umeiheshimu mashine, mimi ukaniacha na ujumbe wa maneno matatu!"

"Ile haikuwa mashine. Ilikohoa."

Fundi mmoja alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Nisikilize," Gwiza alisema, na sauti ikashuka. "Aliyekukataa pale ni mimi. Ni woga wangu, nimeulisha kila Jumamosi mpaka ukapata mdomo wa baba. Baba yangu mimi asingekukataa hivyo. Angekusimamisha juani, angekuuliza gari lako la mwaka gani, angelicheka hilo gari, halafu angekubali. Baba yangu alikuwa mtu mkubwa, Silvère. Mimi ndiye niliyemfanya mdogo, na sitakubali abaki hivyo. Jumamosi hii nakwenda kumuaga, kisha naifunga ile gereji. Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza." Alisogea hatua moja. "Na weye mwenyewe, unanikataa?"

"Niombe uone."

"Hapa sikuombi. Nitakuja na wazee wangu na ng'ombe, nimevaa ile suti."

"Tai ilikuwa imepinda."

"Weye ulionaje?"

"Nimeona kila kitu, sheri wangu. Nimeirudia mara tatu."

Hapo Silvère alicheka, na Gwiza akatoa simu mbele ya wote wale, akampigia Rwema, mdogo wake Gatera, anayeishi Kayonza.

"Baba mdogo, shikamoo. Kuna watu wanataka kuja kushika irembo. Ni kwa ajili yangu."

Rwema alisita. "Binti yangu, mambo hayo si unampelekea baba yako kule kwenye miwani? Mimi nitasema nini?"

"Baba amekufa, baba mdogo. Mkubwa uliyebaki ni wewe. Wapokee."

Kwa miaka miwili neno hilo halikuwahi kumtoka kinywani. Alilisema amesimama wima, mafundi wote wakimsikia, na sauti yake haikutetereka.

Upande wa pili Rwema akasafisha koo.

"Yego. Waje. Lakini mwambie huyo kijana atafute msemaji hodari, kwa sababu binti wa kaka yangu simtoi hivihivi."