Sentensi ya Mshika Bendera

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikilia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka uwanja, akakung'uta vumbi la miguuni mlangoni pa maktaba, kisha akakaa kwenye kompyuta ya tatu kutoka dirishani, ile ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika kwa vidole vya wengi. Jina la Chiriku alipewa na wenzake tangu darasa la pili kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, naye alilipenda.

Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea habari. Aliwaambia kila jambo liwe na chanzo cha kuaminika. Mkitofautiana, msifutiane kama watoto wanaogombea kiti, bali mfungue ukurasa wa majadiliano mzungumze. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mtu hatakiwi kuhariri habari za ndugu zake, maana mapenzi huupindisha mkono. Chiriku aliyanukuu yote kwa kalamu ya kijani, akafunga daftari, na hakulifungua tena.

Alichagua ukurasa wa kivuko cha reli. Zamani, kabla mama yake hajazaliwa, treni ya mizigo iligonga pale lori la wafanyakazi wa kiwanda, wakafa watu sita. Kibanda cha mshika bendera, aliyekuwa akisimamisha magari treni ikija, bado kilikuwepo, hakina mlango, dirisha limebaki tundu. Watoto walikipita mbio wakitoka shule, na kila mtoto alijua sababu ya ile ajali. Chiriku akaiandika: "Ajali ilitokea kwa sababu mshika bendera alikuwa amelala."

Alhamisi alipofungua, sentensi haikuwepo. Mtumiaji aliyejiita Mpiga Deki alikuwa ameiondoa, akaacha maneno mawili: hakuna chanzo. Chiriku akairudisha. Ikafutwa. Akairudisha tena, ikafutwa tena, na safari hii Mpiga Deki alimkaribisha kwa upole, akamwomba waende kwenye ukurasa wa majadiliano, akamkumbusha kwamba kurudishiana hivyo kunaweza kumfanya afungiwe.

"Leo umempata wa kukushinda kwa ubishi," alisema binamu yake, aliyekaa naye dawati moja. "Nenda kazungumze naye."

"Nizungumze nini na mtu anayejiita kwa kazi ya tambara? Anataka chanzo, nitampa chanzo."

Akampa kweli. Chiriku ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la ukutani la shule. Aliiandika sentensi yake kwa wino mweusi, akaibandika karibu na ofisi ya walimu, kisha akarudi kwenye kamusi elezo na kuandika kwamba chanzo ni gazeti la shule. Alisubiri vita. Haikuja. Mpiga Deki alinyamaza kimya, na Chiriku akatembea siku mbili nzima kama aliyevishwa taji.

Wiki ya tatu, Jumapili asubuhi, mama yake alikuwa akipiga pasi huku redio ikisimulia historia ya mji. Mtangazaji akafika kwenye kivuko. Akasema, polepole, neno kwa neno, kwamba ajali ilitokea kwa sababu mshika bendera alikuwa amelala.

Mama akaisimamisha pasi hewani. "Masikini. Watu sita, kwa usingizi wa mtu mmoja."

Chiriku aligeukia redio. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, lakini maneno yalikuwa yake.

Tangu hapo sentensi ile ikawa inamtangulia kila aendako. Mwalimu aliitaja darasani. Fundi baiskeli wa kona ya mtaa alimsimulia mteja wake. Jumanne, penye bomba la maji, watoto wa darasa la kwanza walikuwa na mchezo mpya: mmoja analala chini na kitambaa chekundu kifuani, wengine wanajipanga kuwa treni, wanamruka wakiimba, "Mshika bendera, amka, amka." Aliyelala alikuwa amefumba macho kabisa. Chiriku alipita pembeni bila kuchota maji. Na alipokifikia kibanda cha reli, kwa mara ya kwanza hakukimbia. Alihisi kuwa lile tundu la dirisha linamtazama, linangoja amalize kusema.

Alhamisi aliingia maktaba kabla ya wenzake, akaifuta sentensi kwa mkono wake mwenyewe. Kabla hajainuka, ilikuwa imerudi. Mtu mwingine kabisa, asiyemjua, alikuwa ameirudisha na kumwonya: usifute habari yenye chanzo, gazeti limesema, na sasa hata redio imesema.

Akakaa akiitazama. Ndipo, kwa kukosa pa kwenda, akafungua ukurasa wa majadiliano. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu, wa wiki tatu nyuma, na chini yake hapakuwa na jibu la mtu yeyote.

"Niliondoa sentensi hii mara tatu kwa kukosa chanzo. Mara ya tatu niliona mkono wangu unatetemeka, nikajua siondoi tena kama mhariri. Anayetajwa ni baba yangu. Kwa hiyo najitoa. Taarifa ya uchunguzi ilichapishwa gazetini wakati ule, na nakala iko stoo ya maktaba ya shule. Naomba mhariri mwingine aisome. Mpiga Deki."

Chiriku aliinua macho taratibu. Kwenye meza ya mbele, mkutubi alikuwa ameivua miwani yake, anaifuta, wala hamtazami mtu.

Ilimchukua muda kuzipiga hatua kumi za kuifikia meza ile. Alipofika, yule aliyekuwa haishiwi maneno aliweza moja tu: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikuwa najiuliza utakuja lini." Akavaa miwani. "Gazeti la ukutani nililisoma siku ileile. Nilikosea kungoja uje mwenyewe. Sikujua kwamba redio ingefika kabla yako."

Alimpa funguo za stoo, wala hakuingia naye. Chiriku alipekua majalada yenye harufu ya mende mpaka akaipata karatasi. Uchunguzi ulisema breki za lori zilikatika. Mshika bendera alisimama katikati ya barabara akipunga bendera, na lori lilimpitia ubavuni. Alivunjika mkono wa kulia, na mganga alisema hatauinua tena.

"Ndiyo," alisema mkutubi aliposomewa. "Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati mpaka alipofariki."

Chiriku alilia. Mkutubi alimwacha alie, kisha akamsogezea kiti mbele ya kompyuta. Kwanza wakazungumza na yule aliyerudisha sentensi, kwenye ukurasa wa majadiliano. Chiriku alikiri kwamba gazeti lile alilitunga yeye, na kwamba redio ilimnukuu yeye, kwa hiyo vyanzo viwili vilikuwa mtu mmoja. Akataja jina la gazeti la zamani, tarehe na ukurasa. Kesho yake jibu lilikuja: asante, nimeelewa, rekebisha. Akarekebisha, akaandika masahihisho ukutani, akapeleka barua redioni, na Jumapili iliyofuata mtangazaji akaisoma.

"Sasa imekwisha kabisa?" Chiriku alimwuliza mkutubi.

Mkutubi akamfungulia historia ya ukurasa, orodha ya kila badiliko lililowahi kufanywa. Sentensi ilikuwa bado humo, na saa iliyoandikwa, na jina la Chiriku.

"Haiishi, mwanangu. Kufuta hata mimi nilifuta. Kazi yenyewe iko kabla ya kuandika. Jiulize huyu ninayemtaja yuko wapi anisahihishe. Akiwa hayupo, tafuta ukweli wake kwa bidii kuliko unavyotafuta ushindi. Na ukiambiwa njoo tuzungumze, nenda."

Jioni ile Chiriku alipita penye bomba. Mtoto alikuwa tayari amelala na kitambaa chake. Chiriku alichuchumaa, akawasimulia yote, akamwinua. Mchezo ukaanza upya. Mtoto alisimama wima njiani na kitambaa chekundu, akapunga, akapunga, wenzake wakampita mbio wakinguruma, na hata walipokwisha kupita wote, alikuwa bado anapunga.